PROTINI YA VIRUSI NA MBUZI WA SINGIDA: NANI ALIPIE KIPIMO?

Mchuuzi anayenunua mbuzi katika minada ya Iramba, Ikungi au Manyoni hupima mali yake kwa macho na mikono. Hufungua mdomo akahesabu meno, hupapasa kiuno, hutazama pua kama inatoa kamasi, kisha hutoa fedha. Kwa mnyama wa kuchinjwa kesho utaalamu huo unatosha. Kwa mnyama atakayepanda lori hadi Pugu, au ambaye nyama yake itapita kwenye machinjio ya kisasa ya Longido au Kibaha na kusafirishwa kwa ndege hadi nchi za Ghuba, hautoshi hata kidogo. Mnunuzi wa ng'ambo hanunui mbuzi peke yake, ananunua na karatasi inayosema mbuzi huyo ametoka mahali gani na kwamba mahali hapo hapana ugonjwa.

Nyuma ya karatasi hiyo kuna kipimo, na ndani ya kipimo hicho kuna kitu kidogo mno ambacho wafanyabiashara wengi wa mifugo hawajapata kukisikia: protini ya virusi iliyotengenezwa maabara. Katika siku hizi ambapo kila mwenye visenti vyake anaambiwa awekeze katika "teknolojia ya kisasa", ni vyema biashara ya protini hiyo ikatazamwa kwa jicho la soko, kwa kuwa ina faida za kweli na mitego ya kweli, na Singida inaguswa na vyote viwili.

Mwanzo wa yote ni somo la mwaka 2007. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 ziliamsha Homa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, na kufikia Januari 2007 ugonjwa ulikuwa umevuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Tanzania. Ulienea katika mikoa 10 kati ya 21 iliyokuwapo Tanzania Bara wakati huo, Singida ikiwamo. Jirani yake Dodoma ndio uliopata wagonjwa wengi kuliko mikoa yote. Watu 144 walipoteza maisha. Kwa upande wa mifugo, hesabu zilizokusanywa baadaye zilionyesha vifo vya ng'ombe 16,973, mbuzi 20,193 na kondoo 12,124, mbali na maelfu ya mimba zilizoharibika.

Lakini mfanyabiashara hakuumizwa na vifo tu. Aliumizwa na hofu. Wateja wa mijini walikimbia nyama nyekundu wakaenda kwenye kuku na samaki, machinjio yakapoa, mifugo ikazuiwa kusafiri. Aliyekuwa na mbuzi wazima kabisa alikaa nao sawasawa na aliyekuwa na mbuzi wagonjwa, kwa sababu hapakuwa na njia ya haraka ya kuwatenganisha. Sampuli za binadamu zilisafirishwa hadi maabara ya KEMRI mjini Nairobi kupimwa. Kila siku ya kusubiri majibu ilikuwa siku ya kulisha mbuzi asiyeuzika, na aliyekuwa amekopa mtaji alihesabu siku hizo kwa riba.

Hiyo ndiyo gharama ya kukosa kipimo. Haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote, lakini ililipwa.

PROTINI HIYO NI NINI HASA

Mnyama akiambukizwa virusi, mwili wake hutengeneza kingamwili, yaani askari wa damu wanaomtambua adui kwa sura. Kipimo kinachoitwa ELISA hutega askari hao. Sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo 96 hupakwa kipande cha virusi, kisha huwekwa maji ya damu ya mnyama. Kama kingamwili zimo, hunasa, na dawa ya rangi inayoongezwa baadaye huonyesha. Zipo kingamwili za mwanzo zinazotokea siku chache baada ya maambukizi, na zipo za kudumu zinazobaki kwa muda mrefu. Mtaalamu akizisoma zote mbili anaweza kusema kama ugonjwa upo sasa au ulipita zamani.

Zamani kipande hicho cha virusi kilipatikana kwa kufuga virusi vyenyewe, kisha kuviua. Kwa Homa ya Bonde la Ufa kazi hiyo ni ya hatari. Virusi hivyo vilitambuliwa mara ya kwanza na wataalamu wa Kabete, Kenya, kutokana na kondoo waliokufa karibu na Ziwa Naivasha, na taarifa ikachapishwa mwaka 1931. Baadhi ya waliokuwa wakiushughulikia ugonjwa huo waliugua wao wenyewe. Maabara yenye ulinzi wa kufuga virusi vya namna hiyo bila ajali hugharimu mabilioni, na kuiendesha ni gharama nyingine ya kila mwezi.

Njia ya sasa ni nyingine. Wataalamu huchukua jeni moja tu ya virusi, ile inayoagiza protini inayoufunika urithi wake, wakaiingiza ndani ya bakteria wasio na madhara. Bakteria hao hukuzwa katika chupa ya mchuzi wa virutubisho na hutoa protini hiyo kama vile hamira inavyoumua unga. Kisha seli hupasuliwa, protini ikachujwa na kusafishwa. Hakuna virusi hai popote katika kazi hiyo. Mtu akiimwaga mezani atapata hasara, hatapata homa. Jambo hili linafaa kusemwa kwa sauti, maana neno "virusi" likitajwa karibu na neno "kiwanda", wananchi wana haki ya kushtuka.

Kwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa nchini Tanzania mwaka 2008 huko Ngorongoro, kipimo kilichoenea duniani kilitoka Montpellier, Ufaransa, mwaka 1995. Protini yake hutengenezwa ndani ya seli za mdudu. Na mdudu mwenyewe si mgeni kwa mkulima wa Iramba: seli zinazotumika sana katika kazi za namna hiyo asili yake ni kiwavi jeshi vamizi, yule yule aliyeingia nchini mwaka 2017 na kula mahindi. Anayemaliza shamba la mkulima huku, kule ni kibarua wa kiwanda cha dawa.

HESABU YA PUNJE ZA CHUMVI

Hapa ndipo mwekezaji mdogo anapopaswa kutoa kalamu na karatasi.

Kishimo kimoja cha sahani huhitaji protini kidogo sana, kwa kawaida kama sehemu moja ya kumi ya maikrogramu. Maana yake miligramu moja hupaka vishimo 10,000. Chupa ya lita moja ya mchuzi wa bakteria, kazi ikienda vizuri, hutoa miligramu kadhaa hadi makumi. Tuseme zimepatikana 10 tu. Hizo ni vishimo 100,000, yaani zaidi ya sahani 1,000. Baada ya kutoa vishimo vya kulinganishia katika kila sahani, zinabaki za kupima mbuzi zaidi ya 90,000. Hata kama nusu ya mali itapotea katika usafishaji, zinabaki za mbuzi 45,000. Miligramu 10 ukiziweka kiganjani ni kama punje chache za chumvi.

Hesabu hiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili, na msomaji wa haraka ataisoma vibaya. Atasema: chupa moja, mbuzi 90,000, kila mbuzi alipe, utajiri umefika. Ukweli ni kinyume. Bidhaa ambayo mkoa mzima unatosheka na chupa moja kwa mwaka si bidhaa ya kujengea kiwanda. Alizeti ya Singida inajengewa kiwanda kwa sababu mashine inakula magunia kila siku. Protini haina magunia. Mtambo utafanya kazi wiki mbili, kisha utakaa miezi 11 ukilipa mlinzi na umeme wa jokofu.

Basi kwa nini seti ya vipimo kutoka Ulaya huuzwa kwa mamia ya euro? Bei hiyo si ya punje za chumvi. Ni ya miaka ya kuthibitisha kwamba kipimo hakidanganyi: maelfu ya sampuli za wanyama wagonjwa na wazima zilizopimwa na kurudiwa, maabara za rejea zilizotoa idhini, kila toleo kulinganishwa na lililotangulia, na jina ambalo mnunuzi wa Riyadh au Muscat akiliona haulizi swali la pili. Kinachouzwa ni uaminifu. Protini ni kibebeo chake.

Kwa hiyo yeyote atakayepita mitaani Singida mjini au Manyoni akiwauzia watu hisa za "kiwanda cha protini za vipimo" aulizwe maswali mawili kabla ya kukaribishwa chai. Mnunuzi wa kwanza ni nani, na ameandika wapi kwamba atanunua? Na kipimo hicho kimelinganishwa na kipi, katika maabara gani? Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, hakuna hata kampuni moja ambayo kazi yake ni hiyo. Mwenye fedha za kujaribu ajaribu kwa fedha anazoweza kuzikosa.

SOKO LINALOJIUA LENYEWE

Kuna mtego mwingine ambao wauzaji wa ndoto huwa hawautaji. Kipimo cha ugonjwa ni bidhaa ambayo mafanikio yake hufuta soko lake. Sotoka ya ng'ombe iliitesa Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1997 iliingia tena kaskazini mwa Tanzania na kulazimu chanjo ya dharura. Kisha ukaja wakati wa kupima damu za ng'ombe kwa wingi ili kuthibitisha kwamba haipo tena. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru. Leo mwenye ghala la vipimo vya sotoka ya ng'ombe atamuuzia nani?

Sotoka ya mbuzi na kondoo imewekewa njia hiyo hiyo. Mkakati wa dunia uliozinduliwa Abidjan mwaka 2015 unalenga kuimaliza ifikapo 2030. Tarehe hiyo ikifikiwa au isifikiwe, mwenendo wa mahitaji unajulikana: kwanza chanjo nyingi, kisha vipimo vingi kwa miaka michache, kisha kimya.

Na chanjo yenyewe huvuruga kipimo. Juni 2025 serikali ilizindua, mkoani Simiyu, kampeni ya chanjo ya mifugo ya miaka mitano yenye thamani ya shilingi bilioni 216, ambamo mbuzi na kondoo wanachanjwa dhidi ya sotoka. Ni jambo jema. Lakini mbuzi aliyechanjwa ana kingamwili sawa na aliyeugua akapona, na kipimo cha kawaida hakiwezi kuwatofautisha. Mchuuzi atakayedhani kwamba jibu la "kingamwili zimo" ni hukumu ya ugonjwa atamkataa mbuzi aliye salama kuliko wote mnadani. Kwa miaka hii kipimo hicho kitafaa zaidi kujua kama chanjo imefika kweli, kazi ambayo mlipaji wake ni serikali, si mchuuzi.

Homa ya Bonde la Ufa ni habari tofauti. Hiyo haina tarehe ya kumalizwa, kwa sababu hujificha ndani ya mayai ya mbu yaliyozikwa katika ardhi ya madimbwi, ikingojea mvua kubwa. Ilitoka mwaka 1997/98 na mvua za El Niño, ikatoka tena 2006/07. Mwaka 2000 ilivuka hadi Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika, na nchi za Ghuba zikafunga milango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika. Wasomali walisubiri hadi 2009 ndipo Saudi Arabia ikafungua. Miaka tisa. Wafugaji wa Wembere na Manyoni hawajapata kufungiwa hivyo, lakini soko wanalolitazama sasa ndilo lile lile.

Na kuku? Singida ni jina kubwa katika masoko ya kuku wa kienyeji Dar es Salaam, na mdondo ndio adui wake mkuu. Huku hesabu ni fupi: kuku hapimwi, kuku anachanjwa. Chanjo inayostahimili joto hutengenezwa nchini, na gharama ya kumpima kuku mmoja ingemzidi faida yake. Wa vipimo atafute mnyama mwingine.

MAHALI PA FEDHA

Kama kiwanda cha protini hakifai kwa mtaji mdogo, haina maana kwamba Tanzania iendelee kuagiza kila kitu. Mwaka 2020 uliwaonyesha wote. Dunia ilipogombania vitendanishi vya UVIKO-19, nchi zisizotengeneza zilisimama mwisho wa foleni zikiwa na fedha mkononi. Siku Homa ya Bonde la Ufa itakapolipuka katika nchi tano kwa pamoja, mtengenezaji wa Ulaya atauza kwa nani kwanza?

Jibu lenye akili ni kuitazama protini kama mbegu ya asili ya mazao. Mbegu hiyo hutunzwa na taasisi ya umma kwa kiasi kidogo, haileti faida kwa yeyote, lakini bila hiyo hakuna mfanyabiashara wa mbegu. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania tayari hutengeneza chanjo Kibaha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina wataalamu wa vinasaba vya virusi vya mifugo. Kutengeneza miligramu chache za protini ya Homa ya Bonde la Ufa ndani ya bakteria kunamudika na watu hao. Kazi ngumu ni ile ya uthibitisho, na ndiyo inayostahili fedha ya mlipa kodi. Kenya ilipita njia ya namna hiyo kwa upande wa binadamu pale KEMRI, kwa msaada wa Wajapani, ilipotengeneza kipimo chake cha homa ya ini aina ya B, HEPCELL, kwa ajili ya kupima damu hospitalini. Damu ya kuongezewa wagonjwa lazima ipimwe, kwa hiyo haja ya bidhaa ilikuwapo kabla ya bidhaa. Huo ndio mpangilio sahihi.

Baada ya hapo ndipo mtaji binafsi unapopata nafasi, na nafasi yenyewe iko karibu na mnada kuliko na maabara. Kuna kuchukua damu kwa utaratibu na kuandika namba ya mnyama bila kudanganya. Kuna kuifikisha damu Dodoma, kwenye kituo cha wakala kinachohudumia kanda ya kati, ikiwa kwenye ubaridi na ndani ya siku moja. Kuna umeme wa jua na majokofu ya kutunzia vitendanishi kwenye nyuzi 2 hadi 8. Hizi ni huduma zinazolipika kila wiki ya mnada, na vijana waliosomea mifugo wako mitaani bila ajira. Pikipiki yenye kasha la barafu haina mvuto wa maneno "teknolojia ya vinasaba", lakini inaingiza fedha.

Hata hivyo, yote hayo yatakwama kwenye swali moja ambalo halijajibiwa, nalo ni la fedha na si la sayansi. Mnyama akikutwa na ugonjwa, hasara ni ya nani? Kwa mchuuzi mwenye mbuzi 30 waliokopewa mtaji, kipimo kisicho na fidia ni adui. Atapitisha mbuzi usiku, atakwepa mnada wenye meza ya vipimo na kwenda usio na meza, na bei katika mnada mwaminifu itaporomoka kwa kukosa wanunuzi. Lawama hapo haitakuwa yake. Ndivyo mtu yeyote anavyofanya anapotakiwa kulipia kamba ya kumfunga mwenyewe.

Halmashauri za mkoa huu hukusanya ushuru kwa kila mnyama anayeuzwa mnadani. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikitengwa katika mfuko wa fidia na vipimo, na mfuko huo ukasimamiwa pamoja na wachuuzi wenyewe ili usigeuke posho za vikao, mchuuzi atakuwa na sababu ya kuleta mbuzi wake mchana. Jibu baya litamgharimu kidogo, na jibu zuri litampa karatasi anayoweza kuidai bei. Bila mfuko, hata protini itengenezwe Singida mjini kando ya Ziwa Singidani, hakuna atakayeleta damu ya kuipimia.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, na makadirio hupitishwa miezi kadhaa kabla. Mvua za Singida huanza Novemba au Desemba. Fungu ambalo halikuingizwa kwenye makadirio litasubiri mwaka mwingine, na vipimo vitakavyoagizwa baada ya mbuzi kuanza kuharibu mimba vitafika wakati minada imekwisha kufungwa.